Chanzo cha mitetemo kinapogoma miinukoni: dalili, sababu na hatua za kuchukua

Mwongozo huu unahusu utafiti wa mitetemo, yaani kutuma mitetemo ardhini na kuisikiliza kwa vihisio viitwavyo jiofoni ili kujua matabaka yaliyo chini, katika nchi kavu yenye miteremko, mawe na makorongo, na mifano yake mingi inatoka kwenye kuta za Bonde la Ufa: Lokichar na Kerio nchini Kenya, ukingo wa Ziwa Albert nchini Uganda, na bonde la Eyasi Wembere nchini Tanzania. Vyanzo vya nishati vinavyozungumziwa ni vinne, yaani baruti inayolipuliwa ndani ya shimo lililochorongwa, gari la kutetemesha, mtambo wa kudondosha uzito, na nyundo ya mkono ya takriban kilo 8 inayopigwa juu ya bamba la chuma kwa kazi za kina kifupi.

Dalili zimepangwa kwa namna vikosi vinavyoziripoti kutoka porini. Jambo moja nalitaja mapema kwa sababu linagusa karibu kila dalili: katika ardhi ya miinuko, sehemu kubwa ya nishati hupotea ndani ya mita chache za kwanza, pale chanzo kinapogusana na ardhi. Kikosi kinachoona rekodi dhaifu hukimbilia kuongeza kilo za baruti au kuomba gari zito zaidi, na mara nyingi kinachoongezeka ni kelele. Kagua mguso kwanza, kisha kina, na ukubwa wa chanzo uje mwisho.

Mapigo ya kwanza yanafifia kabla ya kufika jiofoni za mbali

Mapigo ya kwanza ni mawimbi yanayofika kwenye jiofoni kabla ya mengine yote. Kwa baruti, sababu ya kufifia iliyo ya kawaida kuliko zote ni kulipua ndani ya tabaka legevu: mchanga mkavu, majivu ya volkano, au mwamba uliooza kwa jua na mvua. Katika tabaka hili mawimbi husafiri kwa kasi ya mita 300 hadi 800 kwa sekunde na hufifia upesi. Uchunguzi wake hauhitaji kifaa kipya. Soma muda wa kupanda, yaani muda ambao pigo hutumia kutoka kwenye baruti hadi kwenye jiofoni iliyowekwa mdomoni mwa shimo. Baruti ikiwa mita 6 chini na muda wa kupanda ukawa milisekunde 15, kasi ya wastani ni mita 400 kwa sekunde, na hakuna haja ya kutafuta sababu nyingine kabla ya kushughulikia hiyo. Shimo la jirani likichorongwa hadi mita 12 na muda ukawa milisekunde 19, basi zile mita 6 za chini zimepitwa kwa milisekunde 4 tu, sawa na mita 1,500 kwa sekunde, kasi inayoashiria ardhi iliyoshiba maji au mwamba ulioanza kushikana. Hapo ndipo baruti inapotakiwa kukaa.

Nakumbuka mteremko mmoja juu ya Bonde la Kerio ambako wachorongaji walibeba mashine mabegani, kipande kwa kipande, wakaishia mita 4 kwa sababu maji ya kusafishia shimo yalikuwa yamekwisha. Kila mlipuko ulirusha safu ya vumbi na kokoto juu kuliko vilele vya migunga, na kwenye skrini ya kinasa mapigo ya kwanza yalipotea kabla ya nusu ya mstari. Agizo likaja kwamba baruti iongezwe maradufu, na vumbi likapanda zaidi huku mstari ukibaki vilevile. Siku ya tatu tulipandisha madumu ya maji kwa punda, tukachoronga mashimo mawili tu hadi mita 11, tukarudi kwenye uzito wa awali. Pigo likafika safi hadi jiofoni ya mwisho. Tangu hapo, kila ninapopanga kazi ya mlimani, huhesabu maji ya kuchorongea kabla ya kuhesabu baruti.

Sababu ya pili ni kushindilia vibaya. Shimo lililojazwa mawe makubwa au kuachwa wazi hutoa nishati hewani, na utaijua kwa vishindo viwili: pigo la ardhini, kisha wimbi la hewani linalokatiza rekodi kwa mstari ulionyooka wenye kasi ya takriban mita 340 kwa sekunde. Jaza shimo kwa vumbi lilelile la kuchoronga lililolowanishwa, au kwa udongo wa bentonaiti, tabaka kwa tabaka hadi juu. Sababu ya tatu ni baruti kutofika chini, ama kwa shimo kubomoka, ama kwa baruti kuelea ndani ya maji. Kijiti cha kupakilia kiwe na alama za mita, na kina kipimwe baada ya kupakia, si kabla tu.

Ukiisha kuondoa sababu hizo tatu ndipo ufikirie kuongeza uzito, na hata hapo kwa tahadhari. Baruti kubwa hushusha masafa, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde inayopimwa kwa hezi: kwa kanuni ya kipeuo cha tatu, ukiongeza uzito mara 8, masafa makuu ya pigo hupungua kufikia nusu. Unapata wimbi lenye nguvu lakini lisiloweza kutenganisha matabaka membamba, na kama shabaha ni mchanga wa mita chache uliojibana kati ya matabaka ya udongo, umejinyima ulichokuja kukitafuta. Kina nacho kina gharama yake. Wimbi linalopanda hurudishwa na uso wa ardhi na kulifuata lile linaloshuka kama mwangwi uliopinduliwa. Baruti ikiwa mita 12 chini ya uso huo katika kasi ya mita 1,800 kwa sekunde, masafa ya karibu hezi 75 hufutwa. Mtu asichoronge hadi mita 30 kwa imani kwamba chini zaidi ni bora zaidi.

Kwa nyundo na mtambo wa kudondosha uzito, kagua bamba. Bamba likidunda au likikaa juu ya majani, ondoa udongo wa juu hadi ufike penye ugumu, kisha piga mara kadhaa za kulishindilia kabla ya kuanza kurekodi. Mapigo yakijumlishwa, uwiano wa ishara na kelele hupanda kwa kipeuo cha pili cha idadi yake: mapigo 16 huongeza mara 4, lakini kutoka 16 hadi 20 huoni tofauti.

Simama na umwite mlipuaji mwenye leseni iwapo baruti imekwama katikati ya shimo. Haisukumwi kwa nguvu, haivutwi kwa waya za fataki (kiwashio cha baruti), na shimo halichorongwi upya pembeni mwake.

Gari la kutetemesha linatoa mtetemo uliopotoka

Dalili hii huonekana kwenye ripoti ya udhibiti inayotoka garini baada ya kila swipu, yaani ule mtetemo mrefu unaopanda kutoka masafa ya chini hadi ya juu, tuseme kutoka hezi 8 hadi 80 kwa sekunde 12. Kiwango cha upotofu kinaruka, nguvu ya wastani inashuka, na rekodi ikishalinganishwa na swipu ya mfano inaacha mistari ya kivuli kabla ya mapigo halisi.

Mara nyingi kosa liko chini ya bamba. Juu ya mwamba mtupu bamba hugusa kwenye ncha tatu au nne tu, likajipinda na kugonga badala ya kusukuma. Shuka, piga magoti, uangalie: ukiona mwanga upande wa pili chini ya bamba lililoshushwa, umepata sababu. Hamisha gari mita chache, au tandaza udongo laini usio na mawe ili bamba lipate kitanda. Kwenye udongo mweusi wa mbuga shida ni kinyume chake, kwani bamba huzama kwa swipu ya kwanza na kila swipu inayofuata hukuta ardhi tofauti na ile iliyotangulia. Hapo swipu ya kwanza itumike kushindilia tu, isihesabiwe.

Mguso ukiwa sawa na upotofu ukabaki, punguza nguvu. Wengi huogopa hatua hii, ila hesabu yake iko wazi: ubora wa rekodi huongezeka sambamba na idadi ya magari na nguvu ya kila gari, lakini kwa muda wa kutetemesha huongezeka kwa kipeuo cha pili tu. Ukishuka kutoka asilimia 70 ya nguvu hadi 50, utahitaji karibu mara 2 ya muda uleule ili kufidia. Katika eneo la mawe naona ni bei ya haki, kwa kuwa upotofu haufutiki baadaye kwa urahisi, ilhali muda unanunulika.

Mwisho kagua mitambo ya haidroliki, vihisio vya bamba na saa ya setilaiti inayoanzisha swipu. Gari moja katika kundi likichelewa milisekunde chache, kundi zima linaonekana dhaifu bila gari lolote kuonekana bovu. Mpangilio wa vali na mzunguko wa haidroliki ni kazi ya fundi wa mtambo huo. Mafuta yaliyo chini ya shinikizo hupenya ngozi, na ufa mdogo wa mpira usitafutwe kwa kiganja cha mkono.

Gari haliwezi kukaa kwenye mteremko

Hapa hakuna cha kutatua, kuna cha kuacha. Gari la kutetemesha lenye uzito wa makumi ya tani huinuliwa kwa sehemu juu ya bamba lake wakati wa kazi, na mteremko wa ubavuni unaovumilika likiwa linaendeshwa huenda usivumilike likiwa limeinuliwa. Fuata kikomo cha mteremko kilichoandikwa na mtengenezaji, kipime kwa kifaa na si kwa jicho, na baada ya mvua kihesabu kuwa kidogo zaidi. Pasipofikika kwa gari, chagua kati ya kuihamishia nukta ya chanzo bondeni ndani ya umbali ambao mpango wa mstari unaruhusu, au kutumia baruti kwa mashine za kubeba mabegani au kwa helikopta. Kuikata barabara mpya kwenye ukuta wa bonde kwa ajili ya nukta sita ni kosa nililoliona likirudiwa. Mvua ya kwanza huigeuza kuwa korongo, na wenye mashamba ya chini ndio wanaolipia.

Mawimbi ya juu ya ardhi yanafunika rekodi yote

Haya ni mawimbi mazito, ya masafa ya chini, yanayotambaa juu juu kwa kasi ya mita mia chache kwa sekunde na kuchora umbo la feni kutoka kwenye chanzo. Chanzo kilichokaa juu ya ardhi huyazalisha kwa wingi kuliko baruti iliyozikwa, na baruti iliyo ndani ya tabaka legevu huyazalisha kuliko iliyo chini yake, hivyo hatua ya kwanza ni ileile ya kukagua kina.

Hatua ya pili huwa ni kupanga vyanzo vidogo kadhaa kwenye mstari mmoja, ili mawimbi hayo yafutane. Yakisafiri kwa mita 600 kwa sekunde katika hezi 15, urefu wake ni mita 40, na mpangilio wa urefu huo huyapunguza vizuri kwenye tambarare. Mlimani mpangilio huohuo unaweza kuua ishara yenyewe. Kama kati ya shimo la juu na la chini kuna tofauti ya mita 10 za mwinuko, na kasi ya tabaka la juu ni mita 800 kwa sekunde, mapigo yatatofautiana kwa milisekunde 12.5, ambayo ni nusu kamili ya mzunguko wa hezi 40. Masafa hayo yatafutana yenyewe kwa yenyewe. Kwa hiyo panga mashimo kufuata mkondo wa usawa wa mlima, si kupanda na kushuka, na pasipowezekana tumia shimo moja lenye kina na uziachie programu za uchakataji kazi ya kuchuja. Jiofoni zilizopandwa kwa msongamano mkubwa husaidia uchujaji huo kuliko vyanzo vilivyotawanywa ovyo.

Chini ya lava hakuna kinachoonekana

Dalili hii inastahili subira. Rekodi ina nguvu, mapigo ya kwanza yamefika mbali kwa kasi ya mita 4,000 au zaidi kwa sekunde, kisha chini ya lava ya basalti panabaki ukungu usio na umbo. Wengi huhitimisha kwamba chanzo ni kidogo.

Anza na jiofoni. Jiofoni ya hezi 10 hupoteza usikivu haraka chini ya masafa hayo, na masafa ya chini ndiyo yanayopita lava vizuri zaidi. Kama kinasa kimewekewa kichujio kinachokata masafa hayo ili rekodi ionekane safi porini, kitoe. Nimewahi kukuta wiki nzima ya kazi imepitishwa kwenye kichujio cha namna hiyo, na hakuna chanzo ambacho kingeweza kurudisha kilichokatwa.

Baada ya hapo angalia chanzo. Lava za Bonde la Ufa si pande moja: mtiririko mmoja umelala juu ya mwingine, na katikati kuna majivu na udongo wa kale uliookwa na joto. Kila mpaka wa gumu na laini hurudisha sehemu ya wimbi, na uso wa lava wenye mashimo na nyufa hutawanya masafa ya juu kwanza. Kwa gari la kutetemesha, anzisha swipu chini zaidi, kwenye hezi 3 hadi 5 kama mtambo unaruhusu, na uipe sekunde nyingi zaidi katika masafa hayo. Kwa baruti, mashimo machache yenye kina na uzito mkubwa yanafaa hapa kuliko mengi mafupi, na hii ndiyo hali mojawapo ambayo kushusha masafa kwa kuongeza uzito ni faida. Lava ikiwa nyembamba, ichorongwe hadi baruti ikae chini yake. Ikiwa nene, tafuta mahali ambapo mto umekwisha kuikata. Sakafu ya korongo huokoa mita nyingi za kuchoronga, ila changarawe yake ni legevu na mafuriko hushuka ghafla hata anga likiwa jeupe juu yako. Ongeza pia urefu wa mstari, ili jiofoni zipate mawimbi yaliyopinda chini ya lava.

Wanasayansi wa mradi wa KRISP, waliopima ukoko wa dunia chini ya Bonde la Ufa la Kenya mwaka 1985 na 1990, walilipua baruti ndani ya maziwa, Ziwa Turkana likiwa mojawapo. Maji huikumbatia baruti bila tabaka legevu katikati, na ndiyo maana pigo la majini husikika mbali kiasi hicho. Sikitaji kisa hiki kama kielelezo cha kuigwa, kwa kuwa samaki na wavuvi wana haki yao na vibali vya mazingira vya leo vina masharti yake, bali kwa kuwa kinaonyesha uzito wa mguso kuliko hesabu yoyote.

Mstari mmoja, vyanzo viwili, matabaka hayaungani

Karibu kila mstari wa mlimani huishia na vyanzo mchanganyiko: magari bondeni, baruti ukutani. Pale vinapokutana, tabaka linaruka milisekunde kadhaa au linabadilika kutoka kilele hadi bonde la wimbi, na anayesoma picha anaweza kuchora ufa wa mwamba usiokuwepo.

Kabla ya kulaumu chanzo, hakikisha masahihisho ya mwinuko na ya tabaka legevu yamefanywa kwa usawa pande zote mbili; baruti ya mita 12 imekwisha kuruka tabaka ambalo gari linalazimika kulipita. Kisha kagua alama ya sekunde sifuri, yaani wakati kamili chanzo kilipoanza. Sababu ya tatu ni maumbile ya vyanzo vyenyewe. Wimbi la gari, likishalinganishwa na swipu yake, huwa na kilele katikati na mabega sawa pande zote, wakati pigo la baruti huanza kwa ghafla na kuburura mkia. Tofauti hiyo hurekebishwa kwa kichujio cha kulinganisha, na kichujio hicho hakitengenezwi kwa kubahatisha: kinahitaji nukta ambazo vyanzo vyote viwili vilitumika mahali pamoja, na jiofoni zilezile zikasikiliza. Panga nukta hizo kabla ya kikosi kuhama, kwenye ardhi ya aina zaidi ya moja, na usikubali zifutwe kwa sababu ratiba imebana. Baada ya kambi kuvunjwa hazipatikani tena.

Baruti imekataa kulipuka

Simama hapo hapo. Tenganisha waya na kisanduku cha kulipulia, uzifunge ncha zake pamoja, na mtu yeyote asisogelee shimo hadi muda wa kusubiri uliowekwa na kanuni na mtengenezaji wa fataki uishe. Baada ya hapo mlipuaji mwenye leseni peke yake ndiye anayekwenda, akapima mzunguko kwa kipimo kilichoidhinishwa kwa baruti. Kipimo cha kawaida cha fundi umeme kinaweza kupeleka mkondo wa kutosha kulipua. Sababu zilizo za kawaida ni waya uliokatwa na jiwe wakati wa kushindilia, kiungo kilicholowa, na betri iliyochoka. Baruti isiyolipuka hairudi kuwa mali ya kikosi kwa kuchimbuliwa: nukta iandikwe, iwekewe alama na ulinzi, na mamlaka ya baruti iarifiwe.

Fataki za umeme zisiunganishwe wakati ngurumo inasikika, hata kwa mbali, na redio za mkononi na za magari zizimwe ndani ya umbali uliowekwa. Juu ya matuta umbali huo ndio unaosahaulika, kwa sababu hapo ndipo kila mtu hupanda kutafuta mawasiliano.

Wenyeji wanasema nyumba imepasuka, au kisima kimekauka

Sikiliza kwanza na usimamishe nukta za jirani siku hiyohiyo. Nyumba za udongo na mawe yasiyo na saruji huhimili mtetemo mdogo kuliko za matofali, kwa hiyo umbali wa kawaida wa usalama usichukuliwe kuwa unazitosha. Weka kipimo cha kasi ya mtetemo kwenye msingi wa nyumba, si uwanjani, na ujaribu kwanza baruti ndogo iliyo mbali kisha ukaribie. Panapozidi kikomo, tumia mtambo wa kudondosha uzito au nyundo, ukubali kupoteza kina kwenye nukta hizo.

Picha za kuta, kina cha maji kisimani na ladha yake vinapaswa kuandikwa kabla ya gari la kwanza kufika, mbele ya mwenye nyumba na mjumbe wa kijiji, na nakala ibaki kwao. Visipoandikwa mapema, suala hilo si la kikosi kuamua. Mwite mhandisi wa majengo au mtaalamu wa maji asiyelipwa na kikosi, na kazi katika eneo hilo isubiri ripoti yake.